Faraja Isiyo ya Kweli

Mwaka 2024, mpox iliyokuwa imezuka Kamituga mwaka uliotangulia ilifika kwetu Uvira. Mama mmoja mjamzito wa shirika letu aliota malengelenge. Akaniuliza: “Baba katekista, je, mtoto wangu naye ataambukizwa?” Nami, kwa kutaka kumtuliza, nilimjibu kwamba tumbo la mama ni ngao. Akalitegemea neno langu, akakawia siku tatu kwenda kituo cha afya.

Nilikosea. Virusi hivyo huweza kupita katika kondo la nyuma na kumfikia mtoto. Huko Sankuru, kati ya 2007 na 2011, waganga waliwafuatilia wajawazito 4 waliougua: watatu walipoteza mimba, mmoja alijifungua mtoto mzima. Basi hatari ni ya kweli, lakini si hukumu.

Mtoto wa mama yule alizaliwa salama. Namshukuru Mungu, wala sijisifu.

Ndugu, tusimfariji mgonjwa kwa jambo tusilolijua. Tumsindikize hospitalini mapema, tuwapikie watoto aliowaacha nyumbani, ndipo tusali pamoja naye.