Nokia Ilipotupa Kisogo

Sisi tuliovuka kutoka Kivu, Kongo, mwaka 2008 tulifika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, bila nyumba, bila mashamba, bila hata picha za wazee wetu. Tulichobeba ni namba za ndugu, na namba hizo zilikuwa ndani ya Nokia. Mwenye uwezo aliteremka Mbarara akanunua mpya madukani, 1200 au baadaye 1280. Asiye na uwezo alichukua iliyokwisha kutumika, vibonye vimefutika hadi unabonyeza kwa mazoea, na bado ilikuwa inapiga.

Hatukuipenda kwa ajili ya jina tu. Makazi haya, yaliyoanza mwaka 1958, yametanda wilayani Isingiro kulizunguka Ziwa Nakivale, na kutoka Base Camp hadi Juru au Rubondo si hatua mbili. Kuchaji simu kulikuwa kwa kulipia, kwenye kibanda chenye sola au jenereta, na unaiacha huko kutwa. Sasa mtu anayengoja kuitwa mahojiano ya kupelekwa Marekani au Australia atathubutu vipi kuzima simu? Akikosa simu moja, huenda faili lake likalala tena. Betri iliyokaa siku kadhaa ilikuwa na thamani kuliko urembo wowote. Tochi ilimulika njia ya chooni na ya kwa mkunga. Vibonye vya mpira vilizuia vumbi la kiangazi, na anayeijua Isingiro anajua vumbi ninalolisema.

Mengi ya hayo hayakutokea kwa bahati. Nokia 1100, iliyotoka mwaka 2003, ilibuniwa kwa ajili ya watu wa nchi kama zetu. Ziliuzwa zaidi ya milioni 250, na simu ya bilioni moja ya kampuni hiyo, mwaka 2005, ilikuwa 1100 iliyonunuliwa Nigeria. Mwaka 2006 watafiti wa Nokia, Jan Chipchase akiwa mmoja wao, walizunguka Uganda wakitazama jinsi watu wengi wanavyotumia simu moja. Waliona mtu wa mjini akinunua vocha, akamsomea namba za vocha hiyo mwenye kibanda cha simu kijijini, naye mwenye kibanda akakata chake na kumpa mama wa yule mtu wa mjini pesa taslimu. Hayo yalifanyika miaka mitatu kabla kampuni ya simu ya MTN haijaanzisha huduma yake ya kutuma pesa nchini.

Mwaka uliofuata ikatoka 1200, yenye vitabu kadhaa vya namba ndani ya simu moja na njia ya kupima muda na gharama za maongezi. Kwetu simu moja ilihudumia ua mzima. Shangazi alikuwa na namba zake, jirani Mrundi zake, na ugomvi wa nani kamaliza salio ukapungua. Kumbe huko Finland kulikuwa na mtu aliyekwisha kutufikiria.

Kilichoanza kututenganisha na Nokia ni laini. Mtandao wa Warid uliingia mwaka 2008, wa Orange mwaka 2009, na kupiga ndani ya mtandao mmoja kukawa rahisi kuliko kuvuka kwenda mwingine. Kila mtu akawa na laini mbili au tatu, anafungua mfuniko, anatoa betri, anabadili, anarudishia. Wakati huo kampuni ya Tecno ilikuwa tayari inauza Afrika simu za laini mbili. Nokia ilitangaza C1-00 mwaka 2010, nayo iliwasha laini moja tu kwa wakati mmoja. Waliogundua kwamba tunagawana simu walichelewa kuona kwamba tunabadilisha laini, jambo ambalo asubuhi moja katika soko la Mbarara ingetosha kuwaonyesha.

Wakuu wao walikuwa wanatazama kwingine. iPhone ilikuwa imetoka mwaka 2007, na faida nono ilihamia kwenye simu za bei kubwa. Mwezi Februari 2011 mkuu mpya, Stephen Elop, aliyetoka Microsoft, aliwaandikia wafanyakazi kwamba kampuni yao imesimama juu ya jukwaa la mafuta linaloungua baharini. Siku chache baadaye akaifunga kwenye mfumo wa Windows Phone. Mwaka 2012 Samsung ikaishusha kutoka kileleni ilikokaa miaka 14. Mwaka 2014 kitengo cha simu kikawa mali ya Microsoft, ambayo mwaka mmoja baadaye ilifuta dola bilioni 7.6 kama hasara. Mwaka 2016 biashara ya simu za vibonye ikauzwa tena, jina likakodishwa kwa kampuni ya HMD. Basi waliokimbilia matajiri hawakuwapata, na maskini waliokuwa nao mkononi wakawaponyoka.

Mwaka 2017 HMD walionyesha Nokia 3310 mpya kule Barcelona, na Ulaya ikafurahi kukumbuka ujana wake. Huku kwetu hapakuwa na cha kukumbuka, kwa kuwa zile za zamani zilikuwa bado zinalia mifukoni. Mwaka huohuo WhatsApp ikaacha simu za Nokia zenye mfumo wa Symbian, na mwisho wa 2018 ikaziacha zile zenye mfumo wa S40. Ndugu waliopelekwa Kanada na Australia huongea kwa WhatsApp. Kwa hiyo mzee aliyeng'ang'ania Nokia yake kwa uaminifu ndiye aliyeacha kusikia sauti za wajukuu.

Leo Mbarara ni jiji, na mabango ya simu barabarani ni ya Tecno na itel, zote za Transsion ya Shenzhen. Kampuni hiyo ilituletea laini mbili, betri kubwa, redio, na kamera inayoijua ngozi nyeusi. Mimi nina simu ya kioo, sitaji ya nani. Picha ni safi, ila jioni betri imekwisha, na kioo kikipasuka fundi anataka nusu ya bei niliyonunulia. Mwanangu ananicheka: "Baba, wewe ungeioa Nokia."

Namwacha acheke. Anayenunua simu halidai duka chochote zaidi ya simu, hilo nalijua. Lakini kampuni iliyokuja hadi Uganda, ikajifunza bure kutoka kwa watu wasio na kitu, ikatajirika kwa maarifa hayo, ilikuwa na deni la kuendelea kusikiliza. Deni hilo Nokia haikulilipa. Lililipwa na watu wa Shenzhen, nao wakapata faida juu yake.