Motokaa za Kale na Hewa ya Pwani

Aingiaye Ngome ya Yesu, mjini Mombasa, huona humo vyungu, mizinga na mabaki ya merikebu ya Kireno, Santo António de Tanna, iliyozama mbele ya ngome mwaka 1697. Ngome yenyewe ilikuwa gereza mpaka mwaka 1958. Nakuuliza, msomaji: je, motokaa nayo yastahili kutunzwa hivyo? Wengi hucheka wasikiapo swali hili, kwa kuwa motokaa kwetu ni chombo cha kazi. Ikichakaa huuzwa vipande vipande, na kiunzi chake huishia kwa mnunuzi wa vyuma chakavu. Mimi sicheki, maana kisiwa hiki kimekwisha kupoteza chombo kimoja kwa kicheko kama hicho.

Mwaka 1890 Kampuni ya Kiingereza ya Afrika ya Mashariki ilitandika reli nyembamba, yenye upana wa futi mbili, kwa nia ya kwenda bara. Reli ile haikufika mbali, lakini vyuma vyake vilipata kazi nyingine mjini. Juu yake zilipita troli: kiti cha mbao juu ya magurudumu manne, paa la turubai la kuzuia jua, na nyuma yake wanaume wakisukuma kwa mbio. Penye mteremko wasukumaji walirukia juu wakapumzika kidogo. Maofisa na matajiri walikuwa na troli zao wenyewe, na watu wengine walikodi, wakatoka Mji wa Kale mpaka Kilindini. Motokaa zilipozidi, katika miaka ya 1920, troli zikatoweka. Leo twazijua zaidi kwa picha, nami bado sijaona picha hata moja iliyotaja jina la msukumaji.

Yako magari yaliyobahatika. Katika Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam, imewekwa Rolls-Royce iliyowachukua magavana wa kikoloni na baadaye Mwalimu Nyerere. Nairobi yako Makumbusho ya Reli, yaliyofunguliwa mwaka 1971, na humo limo behewa ambalo simba alimnyakua ndani yake ofisa wa polisi Charles Ryall, katika kituo cha Kima, mwaka 1900. Ni vizuri kwamba vimetunzwa. Lakini tazama sababu: kimoja kilimbeba mkubwa, na kingine kiliingiliwa na simba. Gari lililobeba muhogo na wauza samaki kwa miaka ishirini halina simba wa kuliombea.

Kutunza motokaa pwani si jambo jepesi. Chumvi iliyomo katika hewa huvuta unyevu, na unyevu wenye chumvi huharakisha kutu kuliko maji matupu. Kutu hiyo haianzi machoni pako. Huanzia ndani ya milango na chini ya sakafu, hata siku moja ukabonyeza kwa kidole bati linalong'aa rangi, kidole kikapenya. Tena gari lisilokwenda huharibika kwa kusimama kwake: petroli hugeuka kama gundi ndani ya kabureta, mipira hukauka ikapasuka, magurudumu hubonyea upande mmoja. Kwa hiyo makumbusho hulikausha gari mafuta na kulipandisha juu ya vigogo, likawa kama maiti aliyepambwa. Mwenye gari lake nyumbani hufanya kinyume: huliendesha, hubadili kila kinachokufa, na baada ya miaka mingi hujui lipi ni gari la zamani na kipi ni kipuri kipya. Nikitakiwa kuchagua, namchagua huyu wa pili, kwa sababu sauti ya injini nayo ni sehemu ya historia, na hakuna kabati la kioo liwezalo kuihifadhi. Taabu ni kwamba akifa, warithi hugawana.

Hayo yaonekana wazi katika mbio za Safari, zilizoanza mwaka 1953. Mwaka 1965 Joginder Singh wa Kenya alishinda akiendesha Volvo PV544 iliyokwisha kutumika katika mbio za mwaka uliotangulia. Peugeot 404 ilishinda mwaka 1963, ikarudia mara tatu mfululizo, 1966, 1967 na 1968. Tangu mwaka 2003 yako mashindano ya magari ya kale peke yake, ambayo mara nyingi huanzia au huishia Mombasa, na hapo mtoto wa leo huweza kusikia mngurumo aliousikia babu yake. Lakini 404 ilikuwa pia teksi, na matatu, na gari la arusi. Ile ya mashindano ina wenyewe. Ile nyingine, ambayo mama zetu walijipandia na makapu yao, nani ameiwekea banda?

Kama ningepewa chumba kimoja tu katika Mji wa Kale, ningeweka humo 404 ya abiria, viti vyake vikiwa vimechanika vivyo hivyo, na kando yake ningemwomba fundi seremala aunde troli kwa kufuata picha. Kibao cha maelezo kingetaja uzito wa troli, urefu wa njia ya Kilindini, na ujira wa msukumaji kwa safari moja, iwapo wewe au mwenzako mtaupata katika vitabu vya hesabu vya zamani.