Toweett Alivyonitia Kalamu Mkononi

Mimi ni karani wa kituo cha kununulia chai upande wa Buret, karibu na mpaka wa Kericho na Bomet. Napima majani mabichi, nakata uzito wa mfuko, nampa mkulima risiti yake, kisha tunangoja lori. Siku hizi naandika pia, na watu wananisoma. Aliyeniingiza katika kazi hiyo sikuwahi kuonana naye: ni marehemu Dakta Taaitta Toweett, aliyefariki mwaka 2007.

Utotoni nilimjua kama waziri wa zamani tu. Lori likichelewa, wazee walikaa juu ya mifuko wakasimuliana siasa. Walisema alivyoingia Baraza la Kutunga Sheria mwaka 1958, viti vya Waafrika waliochaguliwa vilipoongezwa kutoka 8 hadi 14, akaingia pamoja na kina Julius Kiano na Francis Khamisi wa Mombasa, ambaye naye alikuwa mwandishi wa habari. Mwaka 1960 alikuwa katika ujumbe wa Lancaster House, London, na mwaka huohuo chama chake, Kalenjin Political Alliance, kikaungana na vyama vingine kuunda KADU, chama cha Ngala, Muliro na Moi kilichodai majimbo. Juu ya majimbo wazee wale hawakuwahi kuafikiana. Kwa maoni yangu, hofu ya ardhi iliyoandamana na siasa zile ilitugharimu sana Bonde la Ufa miaka ya baadaye, na sitaificha kwa kuwa nampenda mtu huyu.

Lakini hakuna mzee aliyenitajia kwamba Toweett alikuwa mhariri. Alihariri jarida la Kikipsigis lililotoka mara nne kwa mwaka, na uzeeni, alipokuwa hana tena kiti Bungeni, akashika tena kalamu kuhariri gazeti la Voice of Rift Valley. Hayo niliyajua baada ya kukuta kitabu chake nyumbani kwa mjomba wangu, mwalimu mstaafu. Kilikuwa kamusi ya mfukoni ya nomino za Kiingereza, Kiswahili na Kikalenjin, iliyotolewa na Kenya Literature Bureau mwaka 1979. Jalada lilikuwa limeshikizwa kwa plasta, na pembezoni mjomba alikuwa ameandika kwa penseli maneno ambayo hakuyaona ndani.

Shuleni kwetu mtoto aliyeteleza akasema Kikipsigis alivishwa kibao shingoni, akakaa nacho mpaka amnase mwenzake. Lugha ya nyumbani nilikuwa nimeiona kwenye Biblia na vitabu vya nyimbo, basi. Sasa nilikuwa nimeshika kitabu ambamo majina ya vyombo vya jikoni kwetu yalikuwa yameandikwa na waziri wa serikali. Nilikisoma usiku mzima kwa taa ya sola.

Mjomba ndiye aliyenieleza mengine. Toweett alikuwa mbunge na waziri, na bado alijiandikisha kusoma isimu Chuo Kikuu cha Nairobi. Tasnifu yake ya mwaka 1975 ilihusu nomino za Kikalenjin na namna zinavyogawanyika. Mwaka 1976 Nairobi ilipoandaa mkutano mkuu wa 19 wa UNESCO, yeye akiwa Waziri wa Elimu ndiye aliyechaguliwa kuwa rais wake, na mkutano huo ukapitisha pendekezo la kimataifa juu ya elimu ya watu wazima. Kisha ukaja mwaka 1979. Wapiga kura wa Buret walimwangusha, wakamchagua Jonathan Ng'eno. Mwaka huohuo kamusi ilitoka, pamoja na kitabu cha isimu ya Kikalenjin na cha historia simulizi ya Wakipsigis. Mjomba alikuwa upande wa Ng'eno katika uchaguzi ule. Vitabu alivinunua hata hivyo.

Mimi nilianza na manila. Kila tangazo lililofika kituoni kwetu lilikuwa la Kiingereza, na kila mara lilipobandikwa, akina mama walinijia: "Binti yetu, wameandika nini?" Nikachoka kutafsiri kwa mdomo, kwa maana kila aliyesikia aliondoka na lake. Nikachukua karatasi ya manila na kalamu ya wino mzito, nikaandika kwa Kikipsigis: bei ya kilo mwezi huu, siku ya kuchukua mbolea, makato, mkutano wa kuchagua wakurugenzi, na msiba wa jirani. Nikabandika juu ya mizani, mahali ambapo kila mtu lazima atazame.

Wa kwanza kunikosoa alikuwa nyanya yangu. Alisomewa ukurasa wote, akasema, "Hivi ndivyo wanavyozungumza watu wa redio. Uliza kwanza." Tangu hapo sibandiki karatasi kabla sijamsomea nyanya. "Kogo, hii nimeiweka sawa?" Akinyamaza najua bado.

Karatasi ile ilinibadilisha mimi kabla ya kubadilisha kituo. Nilikuwa mtu wa kungoja habari zitoke Nairobi. Nikawa mtu wa kwenda kuuliza. Nilikwenda kwa wazee kuwauliza juu ya ukoo wa Talai, uliohamishwa na wakoloni kwa nguvu miaka ya 1930 hadi Gwassi, kando ya Ziwa Victoria, nikaandika nilichoambiwa na ni nani aliyekubali kutajwa. Ukurasa huo watu hawakutaka niubandue. Ulikaa mpaka mvua ya pembeni ikaula wino.

Katika mkutano wa wakulima uliopita, mzee ambaye kwa kawaida hukaa nyuma asiseme neno alisimama, akatoa daftari. Alikuwa amenakili makato ya mbolea kutoka ukutani kwetu, mwezi baada ya mwezi, akataka aelezwe kwa nini yamepanda. Ofisa alianza kujibu kwa Kiingereza. Mzee akamngojea amalize, kisha akarudia swali lake lote kwa Kikipsigis, na safari hii akajibiwa kwa Kikipsigis, tarakimu kwa tarakimu. Jibu hilo nimeshaliandika. Linabandikwa Jumatatu, lori la kwanza likiondoka.