Mitumbwi mitatu, ekipe moja: matembezi ya Nguba

Ndugu msomaji, ukikaa Kamituga unajua sambaza. Zinafika sokoni zimekauka, ndani ya mifuko, mama anazipika na nyanya, na watoto wanagombania ile ya mwisho. Ukikaa Kolwezi ao Likasi unajua ndugu yake, ndakala ya Tanganyika, na jinsi inavyopatana na bukari. Lakini je, umekwisha kuona mtumbwi wenye kumtoa samaki huyu majini? Leo njoo pamoja nami mpaka Nguba, katika mji wa Bukavu.

Bukavu imejengwa juu ya ndimi tano za udongo zinazoingia katika Ziwa Kivu. Wengi wanaufananisha mji huu na mkono uliotiwa ndani ya maji. Nguba ni mtaa wa komini ya Ibanda, karibu na fasi ambapo maji ya ziwa yanatoka na kuwa mto Ruzizi. Ngambo ya maji ni Rwanda. Simama pale kandokando mangaribi, jua likianza kuzama. Utasikia kwanza, kisha utaona. Utasikia wanaume wanaimba na makasia yanapiga maji kwa pamoja. Halafu mitumbwi inatokea.

Usifikiri inakwenda mmoja mmoja. Ni mitatu, imefungwa pamoja kwa miti mirefu ya kalitusi. Miti mingine inatokeza mbele na nyuma, kama vile pembe za mdudu mkubwa, na ndiyo inayoshika wavu. Watu wote wa mitumbwi hii mitatu wanaitwa ekipe. Hakuna mwenye kusema “mimi ni wa mtumbwi wa kushoto”. Wote ni ekipe moja.

Wanakwenda mbali na inchi kavu na kungojea giza. Kisha wanawasha taa. Zamani zilikuwa taa za petroli za kupiga pampu. Siku hizi wengi wanatumia taa za betri. Viumbe vidogo sana vya majini vinafuata mwanga, na sambaza zinafuata viumbe vile maana ndivyo chakula chao. Wavu umekwisha kushushwa chini. Samaki wakijaa juu yake, wote wanavuta kwa mara moja. Upande mmoja ukichelewa, wavu unainama na samaki wanakimbia. Kwa hiyo ule wimbo si wa kujifurahisha tu. Ndio unaowaambia mikono yote ivute wakati gani. Na siku za mwezi mkubwa wanabaki nyumbani, kwa sababu anga likiangaza, taa yao haina nguvu tena.

Labda utauliza: je, mababu zetu walivua hivyo? Hapana. Mababu walikuwa na mtumbwi wa kuchongwa katika mti mmoja mkubwa. Walivua karibu na inchi kavu kwa ndoano na mitego, na kubeba watu na mavuno, kwa mfano kutoka kisiwa cha Idjwi. Katikati ya ziwa hapakuwa samaki wa kula vile viumbe vidogo. Mwaka 1959, wakati wa utawala wa Wabeljiji, watoto wa samaki waliletwa kutoka Ziwa Tanganyika. Aina mbili zililetwa, lakini moja tu ilizoea maji ya Kivu. Hiyo ndiyo sambaza ya leo.

Samaki alikuwako, lakini namna ya kumvua kwa wingi ilikawia. Karibu na mwaka 1980, upande wa Gisenyi, wavuvi walijifunza kazi ya taa na wavu wa kuinua kwa msaada wa FAO, na kazi ile ilienea ziwani. Kule Tanganyika wanafunga mitumbwi miwili. Huku Kivu wanafunga mitatu. Basi ni mtumbwi wa mababu, lakini umefungwa kwa akili mpya.

Na ziwa lenyewe ni la ajabu. Chini linafika mita 485, lakini sambaza zinaishi sehemu ya juu tu, kadiri ya mita 60 hivi. Chini zaidi hakuna hewa ya kupumua, kuna gesi nyingi. Ninyi wa migodi mnajua gesi ni kitu gani. Mvuvi wa Nguba anafanya kazi juu ya gesi kama vile ninyi mnavyofanya kazi chini ya udongo.

Nilifika pale mwaka 2019, wakati wa likizo. Asubuhi mapema ekipe moja ilirudi, na mama wenye kuuza walikuwa wanangojea na mabeseni. Nikaona katika mtumbwi wa kuume kuna fasi moja tupu, na kasia limelazwa pale. Nikamuuliza mzee wa ekipe: “Baba, huyu ni mugonjwa?”

Akajibu: “Hapana, mwana wangu. Ile ni fasi ya kijana wangu. Alienda kutafuta zahabu. Alisema ni miezi tatu. Sasa ni miaka ine.”

“Na munafanya namna gani?”

“Tunaendaka tu. Lakini ule upande unachelewaka.”

Hakukasirika. Alisema hivi tena: “Hatumukatazi kuchimba. Pale palikuwa feza, na hapa sambaza zinapunguka. Lakini hata salamu moja haileti.”

Halafu akanionyesha kandokando. Vijana watatu walikuwa wanakokota chandarua ya mbu katika maji mafupi. Niliona walichotoa: vitu vidogo kama sindano. Mzee akanieleza kwamba sambaza changa zinakulia karibu na inchi kavu, na zikikomaa zinakwenda katikati. Chandarua inazimaliza kabla hazijaanza safari. Upande wa Rwanda wanafunga uvuvi kwa muda kila mwaka, ili samaki wapate kuzaa. “Lakini ziwa halijui mupaka,” akasema mzee. “Sisi tukikamata watoto huku, nani atavua wakubwa kule?” Akawaita wale vijana. Hakuwapiga wala kuwatukana. Mmoja wao, mwenye miaka kumi na mitano hivi, alimwambia usiku ule apande katika ile fasi tupu, ajaribu.

Jamaa wapendwa, ninaandika haya kwa sababu yule mwana wa mzee anaweza kuwa jirani yako. Labda anakaa nyumba ya tatu kutoka kwako, na mnashuka pamoja shimoni. Huko pia mnajua kazi ya ekipe: mmoja akiachilia kamba, wote wako katika hatari. Muulize kwao ni wapi. Akisema ni kando ya Kivu, umwambie apige simu, ao atume barua kwa mkono wa msafiri.

Nawe kijana, siku moja ukipita Bukavu, usiishie mjini. Shuka mpaka Nguba mangaribi. Salimia wazee kwanza, kisha uombe ruhusa ya kutazama. Mimi niliporudi jioni ile, yule mtoto alikuwa amekwisha kukaa katika mtumbwi wa kuume. Kasia lilikuwa refu kwake. Mara mbili alipiga maji nje ya wimbo, na wote wakacheka. Mara ya tatu akaingia sawasawa, na mitumbwi mitatu ikaondoka.