Mboga katika Bwalo


Mimi ni bwana shamba. Mwaka jana niliingia katika bwalo la shule moja ya bweni. Watoto walikuwa wanakula ugali wa sembe na maharage. Mboga za majani hazikuwapo, wala matunda. Ndivyo walivyokula kila siku.

Nikamgombeza mpishi. Yule mama alinisikiliza, kisha akauliza, "Bwana shamba, hizo mboga umekuja nazo?"

Niliona aibu. Shule ile nilikuwa nimeipita mara nyingi, na sikuwahi kuwaonyesha hata tuta moja.

Kesho yake nilirudi na mbegu za mchicha. Tulilima matuta nyuma ya jiko, tukatia samadi iliyooza vizuri. Baada ya wiki 4 tulichuma.

Nawe, osha mboga kabla ya kuzikata. Usizipike mpaka zirojeke, wala usimwage maji yake.

Sasa wanapika dona, maana ganda na kiini cha mahindi vina vitamini. Watoto wengine bado wananung'unika kwamba ugali si mweupe.

Maharage yana madini ya chuma, yanayosaidia kuongeza damu. Ukila pera au chungwa pamoja nayo, mwili huyapata madini hayo vizuri zaidi. Tumepanda miche 6 ya mapera. Bado haijazaa.