Seva Tatu Ndani ya Sanduku Moja

Karakana yangu ilikuwa Mkuyuni, Mwanza, upande wa juu wa Barabara ya Kenyatta, chumba cha mbele cha nyumba iliyojengwa katikati ya mawe. Wateja walikuwa chini, ukanda wa ziwa kutoka Igogo hadi Butimba: wanunuzi wa sangara, wauza barafu, zahanati, maduka ya vipuri vya injini za boti. Nilianza na printa na kusafisha kompyuta. Ukifungua kasha la mashine iliyokaa karibu na ziwa unakuta feni imeziba kwa vumbi na wadudu wadogo wa ziwani waliokaukia humo. Nilidhani nitazeekea kwenye kazi hiyo ya brashi na blowa.

Kilichonibadilisha ni mgao wa mwaka 2006. Mvua zilikosekana, maji ya Bwawa la Mtera yakapungua mno, na umeme ukawa wa zamu nchi nzima. Kampuni moja ya samaki niliyokuwa naihudumia ilikuwa na seva tatu: moja ya hesabu, moja ya kupokelea mzigo kwenye mizani, moja ya mafaili na printa. Kila moja na UPS yake, na kila UPS na betri iliyochoka. Ile ya hesabu ilikuwa ya Windows 2000, kapasita za bodi zimevimba, na diski ya kusakinishia programu ya hesabu ilikuwa imepotea. Aliyewauzia hapatikani. Mashine ile ingekata roho, vitabu vya miaka vingekwenda nayo.

Na biashara ya sangara haitembei bila kumbukumbu. Mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ulifunga soko lake kwa samaki wa Ziwa Victoria kwa hofu ya sumu zinazotumika kuvulia. Walioonja msimu ule hawahitaji kuelezwa kwa nini mkaguzi akija anataka kujua mzigo huu ulipokelewa lini, kutoka mwalo upi, kilo ngapi. Nilikuwa naingia chumba kile cha seva nikiona wazi kwamba ajira za watu wengi zimekaa juu ya bodi iliyovimba kapasita.

Julai 2006 VMware walitoa VMware Server bila malipo. Inakuwezesha kuwasha kompyuta kadhaa ndani ya kompyuta moja, kila moja na mfumo wake, hakuna inayojua kwamba imepanga kwa mwenzake. Mashine pepe nzima, pamoja na diski yake, ni mafaili tu unayoweza kunakili. Niliposoma hilo nilisimama. Kama seva ni faili, basi chuma kikifa faili linahamia chuma kingine.

Kuipata ndiyo ilikuwa kazi. Ilikuwa kama megabaiti 100, na intaneti yetu ilikuwa bado inapitia setilaiti. Kebo ya baharini ya Seacom ilikuja kuanza kazi Julai 2009. Rafiki yangu wa Dar aliichoma kwenye CD, akampa kondakta wa basi. Ubuntu 6.06, Linux ya kuiendeshea, nilikuwa nayo tayari, maana enzi hizo Canonical, watengenezaji wake, walikuwa wanatuma diski bure kwa posta. Mzee mwenye kampuni alikubali kununua seva moja ya mtumba kutoka Kariakoo, yenye RAM gigabaiti 4.

Usakinishaji wenyewe nauona mpaka leo. Unafungua kifurushi kwa tar, unaingia kwenye folda, unaendesha vmware-install.pl ukiwa root. Kisha maswali, moja baada ya jingine, na mengi unayajibu kwa kubonyeza Enter: mafaili yakae wapi, unakubali leseni, mashine pepe zihifadhiwe folda gani. Swali la kerneli, kiini cha Linux, ndilo linalotenganisha fundi na mbahatishaji. VMware inahitaji moduli zake, vmmon ya kushughulika na prosesa na vmnet ya mtandao, na zisipokuwepo zilizokwisha kutengenezwa kwa kerneli yako, lazima zijengwe papo hapo. Ukiandika uname -r ikakupa namba moja, na mafaili ya vichwa uliyoweka ni ya namba nyingine, umekwama. Kwa hiyo nilikuwa nimebeba gcc na vichwa vya kerneli ileile kwenye flashi, maana pale ofisini hakukuwa na intaneti ya kutegemea. Mistari ya ujenzi ikapita kwenye kioo, vmmon ikapanda, vmnet ikapanda. Kwenye mtandao nilichagua daraja, ili kila mgeni, yaani kila mashine pepe, apate anwani yake mwenyewe na karani wa mizani asibadilishiwe chochote.

Seva ya hesabu niliihamisha mwaka 2007 kwa VMware Converter, programu iliyonyonya diski ya mashine ikiwa inafanya kazi na kuigeuza mashine pepe. Niliianzisha jioni, umeme ukiwepo.

Asubuhi mhasibu mkuu alinikuta mlangoni.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba. Fundi, mashine yangu umeipeleka wapi?”

Nilimfungulia kompyuta yake. Programu ileile, rangi zilezile. Hakusema neno. Alitoa mizania aliyochapa mwezi uliotangulia, akaweka rula juu ya karatasi, akawa anaishusha mstari kwa mstari huku akisoma kioo. Alipofika chini aliondoa miwani.

“Salio limekubali. Ila ile ya zamani usiitupe kwanza.”

Alikuwa na haki kabisa. Nimefanya kazi na wahandisi wengi, lakini sijaona aliyenifundisha kukagua nakala vizuri kuliko mama yule na rula yake.

Baada ya hapo UPS ilikuwa moja kubwa badala ya tatu mbovu, na jenereta ikapumua. Niliweka NUT, programu inayoisikiliza UPS kupitia kebo: betri ikishuka, wageni wanasimamishwa kwanza, mwenyeji anajizima mwisho, kwa utaratibu. Kila kerneli ilipobadilika ilibidi niendeshe vmware-config.pl upya, na mara nyingine kerneli mpya iligoma mpaka nipate viraka vya Petr Vandrovec, vilivyokuwa vikipatikana kwenye seva ya chuo kikuu cha ufundi cha Prague. Sijawahi kumwona mtu huyo, lakini alituokoa mafundi wengi.

Usaidizi wa VMware Server ulikoma mwaka 2011. Nilihamia KVM, iliyoingia ndani ya Linux yenyewe kwenye kerneli 2.6.20, Februari 2007, kwa kazi iliyoanzishwa na Avi Kivity. Hapo hakuna tena kujenga moduli za mtu wa nje. Kinachotakiwa ni prosesa yenye uwezo wa vmx au svm, na kuingia BIOS kuruhusu uwezo huo, kwa sababu kwenye mashine nyingi za mtumba huja ukiwa umezimwa. Mafaili ya zamani niliyageuza kwa qemu-img. Vitabu vya mama, vilivyozaliwa kwenye Windows 2000, vikahamia chuma cha tatu bila kupoteza hata stakabadhi. Sheria ya kodi inataka kumbukumbu zitunzwe miaka mitano. Vile vilikuwa vimekwisha kuvuka muda huo zamani.

Siku hizi vijana ninaowafundisha kwa mashine pepe wanaweka Proxmox juu ya Debian, na wateja wananiuliza kwa nini wasipeleke kila kitu kwenye wingu. Nakala ipelekwe huko, nakubali, tena ni lazima. Ila seva ya mizani ibaki jengoni. Mei 12, 2024, nyaya za EASSy na Seacom zilipokatika baharini, intaneti ilizorota Tanzania nzima, na ofisi zilizotegemea mtandao wa nje zilikaa zikisubiri. Jumatatu yake mizani ya wateja wangu ilipokea mzigo kama kawaida.