Zamu ya likelemba iliyoishia kwenye sindano

Mwenzetu ametupa ruhusa tuandike, ila jina lake tusiweke.

Hapa Nakivale kikundi chetu kina likelemba. Kila wiki kila mtu anatoa elfu tano, mmoja anabeba zote. Zamu yake ilipofika alituambia anaenda kununua cherehani. Kusema ukweli, wengine wetu tulijua si cherehani. Tulikuwa tumeziona zile picha za WhatsApp, dada mwembamba upande huu, upande ule hipsi zimejaa. Sisi wenyewe ndio tulizituma kwenye grupu, na vicheko juu. Na yeye ndiye tuliyekuwa tunamuita Ubao.

Alichomwa mjini, kwenye chumba nyuma ya saluni. Mama aliyemchoma hakuvaa glavu, chupa haikuwa na lebo. Eti ni jeli ya matunda, inayeyuka yenyewe. Sindano sita kila upande, kisha matundu akayaziba na gundi, ile ya kubandikia viatu! Hata tukiandika hapa bado tunashika kichwa.

Siku ya nne homa. Siku ya saba hawezi kukaa. Sisi tukaambiwa boda ilimuangusha, na nesi wa kituo cha afya akaambiwa hivyo hivyo. Nesi akampa dawa za maumivu, akamrudisha nyumbani. Hatumlaumu, alitibu alichoambiwa. Lakini siku tatu zilipotea pale. Ni yaya mmoja wa kikundi, aliyelala naye usiku akimsikia analia, ndiye aliyeenda kusema ukweli. Wakampeleka hospitali kubwa, wakapasua, wakatoa usaha. Sasa anatembea. Vinundu vigumu vimebaki ndani, na munganga anadhani ni silikoni. Hiyo ikishasambaa kwenye nyama hakuna dawa ya kuiyeyusha, na kuitoa yote kwa kisu ni vigumu sana.

Tulimuuliza yule munganga mengi. Tulidhani kila jeli ni ileile, kumbe hapana. Fila zinazotumika sana hospitalini ni za asidi ya hayaluroni. Zinawekwa kidogo kidogo usoni, mwili unazimeza baada ya miezi, na zikileta shida ipo dawa ya kuziyeyusha. Hata hizo, zikiingia kwenye mshipa wa damu, ngozi inageuka nyeupe, inauma, inaweza kufa, na mtu anaweza kupofuka. Ukiona hivyo ni kukimbia hospitali saa hiyo hiyo, si kungoja asubuhi. Silikoni ya maji ni habari nyingine. Inaweza kusafiri na damu mpaka kwenye mapafu au ubongo, ikaua. Mwaka 2017 FDA, mamlaka ya dawa ya Marekani, ilitoa onyo juu ya kuichoma ili kuongeza makalio, na hakuna fila yoyote waliyoiruhusu kwa kazi hiyo. Basi kama kwao kwenye mahospitali makubwa hairuhusiwi, nyuma ya saluni inaruhusiwa na nani?

Kwenye kikao makaka wengine walisema haya ni mambo ya wadada, yasiletwe mbele ya watu. Tukafungua simu, tukahesabu nani alituma zile picha. Makaka wanne, dada mmoja. Kikao kilinyamaza. Jina la Ubao tumeliacha, ingawa tumechelewa.

Nanyi mnaofanya kazi na sisi, tunawaomba kitu kimoja. Mtu akija na uvimbe mahali pale, musianze na "nani alikutuma?" Hapo atasema boda. Mufungie mlango, muulizeni polepole: kimeingia nini, lini, na nani mwingine alichomwa kwenye chupa hiyo? Swali la mwisho ni muhimu, maana sindano ikipita kwa wawili inaweza kubeba virusi vya UKIMWI na homa ya ini.

Sisi tulimuuliza. Alitaja wawili, wote wa hapa hapa kambini. Mmoja amekubali, Jumatatu tunaenda naye kupima. Mwingine ametufungia mlango, anasema yake ilikuwa ya matunda kweli. Kesho jioni yaya atapita kwake tena.